Watu Wamejaa, Hela Iko Wapi?

Msimu wa bonanza za watoto, zile ambazo klabu za mtaani huandaa ili kuchangisha hela, ukikaribia hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Pasiansi, maneno ni yaleyale: "Tujaze watu tu, hela itakuja yenyewe." Mwenyekiti anasema, kamati inaitikia, na mweka hazina anaandika kwenye muhtasari kana kwamba kapewa hesabu, kumbe kapewa dua. Wiki hii yamesemwa tena. Basi leo naandika kirefu.

Nadhani najua imani hii inakotoka. Hapa Usukumani tuna mashindano ya ngoma ambayo umati ndio mwamuzi hasa. Makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo linaloshinda. Nenda kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, uone wachezaji wanavyohangaika kuwanyang'anya wenzao watazamaji, hata kwa kucheza na nyoka. Huko kujaza watu ni kushinda. Lakini hakuna aliyewahi kutarajia umati ule uezeke paa la kituo cha vijana.

Tuchukue bonanza moja la mfano. Namba ni zangu, ila mwonyeshe mweka hazina yeyote wa klabu ya mtaani uone atakavyoguna. Maturubai mawili, 100,000. Viti 100, 50,000. Vyombo vya muziki na mshereheshaji, 150,000. Chakula cha meza kuu, 120,000. Fulana za kamati (watu 15, na kila mmoja lazima awe nayo, eti), 180,000. Bango, 40,000. Maji na zawadi za watoto, 100,000. Usafiri na bahasha za hapa na pale, 100,000. Jumla 840,000.

Sasa umati huo, watu 300. Watoto 180 kwa 500 ni 90,000. Wakubwa 120 kwa 1,000 ni 120,000. Faida ya vyakula 110,000. Mnada wa keki, mbuzi na mkungu wa ndizi umeleta taslimu 260,000. Jumla 580,000. Uwanja umejaa, picha zimependeza, na klabu imekula hasara ya 260,000. Mtu mmoja mmoja aliyeingia pale ameiongezea klabu gharama: kiti, maji, choo, jicho la kumlinda mwanawe.

"Lakini tulitangaza milioni mbili na laki nne na ushee!" Naam. Hapo ndipo nataka tukae.

Mlichotangaza ni taslimu 580,000 na ahadi 1,900,000 zilizochanganywa kwenye kapu moja na mtu mwenye kipaza sauti. Mshereheshaji anapenda jumla kubwa kwa sababu inapigiwa makofi, na makofi yanavuta ahadi nyingine. Sikatai, yanavuta. Lakini ahadi ni mnyama wa aina yake. Mtu anaposimama mbele ya majirani na kusema "laki moja", ile raha ya kutoa anaipata palepale. Shangwe, jina limetajwa, mkewe anatabasamu. Siku ya kulipa hana kingine cha kupata, ana cha kupoteza tu. Ndiyo maana simu ya mweka hazina Jumatano inaita hadi inakata. Mtu huyu si mwongo. Alilipwa kwanza, mkataka atoe baadaye.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Swali la kwanza liwe "una kiasi gani hapa hapa?", na namba ya kulipia kwa simu iwe kwenye bango kwa tarakimu za kusomeka kutoka mita kumi, pamoja na jina litakalotokea kwenye skrini ili mtu asisite. Ujumbe wa muamala ukiingia, ndipo jina lisomwe. Ahadi zije za pili, na mshereheshaji atangaze jumla mbili kila anapotangaza: taslimu kiasi hiki, ahadi kiasi hiki. Atakataa, atasema inapoza shughuli. Mwambieni kabla ya kumlipa kianzio.

Daftari la ahadi liwe na safu tano: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa, na jina la aliyemwalika. Safu ya tano ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayoleta hela. Mweka hazina akipiga simu ni mdai. Akipiga shemeji aliyemwalika, ni mazungumzo ya kifamilia. Ujumbe wa shukrani uende ndani ya saa 24, simu ya kwanza siku mbili kabla ya tarehe aliyoitaja mwenyewe, ya pili wiki moja baadaye. Baada ya siku 30 piga mstari, usahau. Ukizidi hapo unatafuta hela ya mwaka huu kwa kupoteza rafiki wa mwaka ujao.

Ahadi za kikundi zina ugonjwa wake. "Sisi kijiwe cha bodaboda tunaahidi laki mbili!" Nani? Waliopiga makofi ni kumi na wawili, na kila mmoja anaamini ni wale kumi na mmoja. Palepale omba jina moja na simu moja. Ahadi za vitu nazo: mifuko kumi ya saruji inasikika vizuri hadi mtu aulize nani anaisafirisha kutoka Mabatini na italala wapi isilowe. Ahadi ya kitu iandikwe "kimefikishwa klabuni", la sivyo umeahidiwa gharama.

Mnada wa keki sina hakika nao, nakiri. Keki inanunuliwa, inarudishwa iuzwe tena, inapelekwa kwa mgeni rasmi, inarudi, na hela kweli inapatikana. Lakini unawachoma wale wale watu sita kila mwaka, huku wengine mia wakigeuka watazamaji. Nimejaribu kuutetea na kuupinga, na pande zote mbili nilijikuta nina hoja.

Mgeni rasmi, kwa kifupi: akichelewa saa tatu, watoto wanakaa juani saa tatu. Michezo ianze bila yeye. Akifika atakuta watoto wanacheza, na hiyo ni picha nzuri kwake kuliko watoto waliopangwa mistari wakipiga miayo.

Hela inatoka wapi basi? Inatoka kabla ya siku yenyewe. Kanuni yangu ni moja: turubai lisisimame kabla kila gharama haijapata mtu wa kuibeba. Usiende kwa mwenye duka la jumla Makoroboi kuomba "mchango". Neno hilo ameshalisikia mara nne tangu asubuhi, mara tatu likiwa na kadi ya harusi. Omba katoni sita za maji. Omba akodi viti 50. Kitu chenye idadi kina mwisho, na mtu hutoa haraka anapouona mwisho. Orodha ya vitu 20 vidogo huisha upesi kuliko ombi moja la 840,000. Na fulana za kamati zifutwe. Utepe wa kitambaa mkononi unatosha kumtambulisha mtu.

Halafu kuna kalenda. Wafanyakazi wa mshahara waendee siku tatu nne baada ya mishahara kutoka, na Januari waache kabisa, ina ada na sare za shule. Lakini huku ziwani kuna kalenda nyingine ambayo miongozo haiijui. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuomba wakati wa mwezi mpevu, umemwendea mtu asiye na mauzo. Subiri giza liingie, wapate siku kadhaa za kazi, kisha nenda. Hata siku ya bonanza ipimwe hivyo. Na ukiweka Jumamosi, familia za Wasabato, na kanda hii wapo wengi, umeshawaacha nje. Jumapili kuanzia saa nane mchana hukwaza wachache.

Kadi za michango zibebwe na wazazi. Mtoto asitumwe kugonga milango ya watu na kadi, na picha yake isiwekewe maneno ya kuombaomba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo "huyu ni mkubwa, yuko kidato cha tatu" haisaidii. Bahati nasibu nayo iacheni: inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na uwanja wenyewe umejaa watoto. Vibali vya mtaa, kata na polisi, barua ziende wiki tatu kabla. Basi.

Sasa watoto, ambao kamati huwakumbuka wakati wa kununua pipi.

Kosa kubwa la michezo ya bonanza ni michezo ya kutoana. Mchezo wa viti, muziki ukizima asiye na kiti anatoka. Mtoto kalipa 500, katolewa dakika ya pili, na muda uliobaki hana kazi. Asiye na kazi hutafuta kazi. Uwanja ukiwa karibu na ziwa, kazi anaijua. Maji ya ufukweni yenye majani na konokono ndiyo makazi ya kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa hizo hizo za bonanza lenu. Na hapo sijataja kuzama. Kwa hiyo kutoana si suala la huruma tu, ni suala la ulinzi.

Tumia vituo. Vituo sita, makundi sita ya watoto 12, dakika 12 za kucheza na 3 za kuhama kwa filimbi. Watoto 72 wamecheza kila kitu kwa saa moja na nusu. Watoto 180 ni zamu mbili na nusu, kwa hiyo ongeza vituo au punguza tiketi. Usiongeze watoto kwenye kundi. Kila kundi na mkubwa wake mmoja anayehama nalo, pamoja na mmoja anayebaki kituoni. Mkubwa wa kundi anahesabu vichwa kila filimbi. Watu wawili zaidi wanasimama upande wa maji, wameupa mgongo uwanja, na hawapewi kazi nyingine hata ya kushika kamera.

Mbio za magunia: viroba vya plastiki vinateleza kwenye nyasi, magunia ya katani yanashika. Kwa miaka sita hadi tisa mita 15 zinatosha. Uwanja wa changarawe, futa mchezo huu, meno hayaoti mara ya tatu. Mbio za ndimu: kijiko mkononi, kamwe si mdomoni, maana anayeanguka na kijiko mdomoni anaangukia mpini. Kuvuta kamba: kamba ya katani, nene kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Ya nailoni inavutika kama mpira, ikikatika inarudi kwa kasi kuchapa watu. Hakuna kuizungusha mkononi wala kiunoni. Na pima timu kwa uzito, si kwa idadi. Nane kwa nane ambapo upande mmoja una vibonge watatu ni burudani ya wakubwa tu.

Uji wa watoto 100: robo lita kila mmoja ni lita 25, unga kilo mbili na nusu, sukari kilo moja na nusu. Koroga unga kwa maji baridi kwanza. Ukiumwaga mkavu kwenye maji ya moto utagawa madonge. Upikwe mapema upoe, kwa sababu uji wa sufuria kubwa hubaki moto kwa saa nyingi na mtoto hapulizi.

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na huanza kimya kimya mkiwa mnakula. Mwanza ni mawe, kigingi hakiingii. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 tu na turubai linaicheka. Weka kiroba cha mchanga cha kilo 50 kwa kila mguu, kifungwe chini kabisa ya nguzo. Kikifungwa juu kinaning'inia na kuyumba nalo.

Hela ya mlangoni na ya vyakula ipitie meza moja ya kuponi. Vyakula viuzwe kwa kuponi za 500 zenye muhuri, mikono inayogusa noti ibaki ya watu wawili wasio ndugu. Chenji ya kuanzia, tuseme 50,000 za noti ndogo na sarafu, iandikwe na kutolewa kwanza kabla ya kuhesabu mapato. Kila mwaka kuna klabu inayojisifia 50,000 ambayo ilitoka mfukoni mwake yenyewe. Hesabu ifanyike palepale kabla ya turubai kushushwa, wawili wanahesabu, wa tatu anaandika, wote wanasaini.

Kuponi zisizotumika zinanisumbua. Mzazi kanunua tano, katumia tatu, na kwa sheria ya meza zile 1,000 zimebaki klabuni. Ni hela, na zikijumlishwa si haba. Mimi huelekea kuzirudisha akija kudai kabla ya hesabu kufungwa, ingawa najua wenzangu wengi wananiona mpumbavu.

Wiki mbili baadaye karatasi moja ibandikwe mlangoni kwa klabu: taslimu iliyoingia, gharama zilizotoka, ahadi zilizolipwa, ahadi zilizobaki kwa jumla bila majina. Watu husoma kwanza ule mstari wa ahadi zilizobaki, kimya kimya. Jioni hiyo usizime simu ya mweka hazina, miamala miwili mitatu huwa inaingia.