"Wamefungua Masinga": yanayosemwa Lamu kuhusu mabwawa ya Tana

Mvua zikikaza bara, barabara ya Garsen hadi Witu ikakatika na malori ya mboga yakakwama, ukipita Mkunguni, uwanja wa mjini Lamu, utasikia: "Wamefungua Masinga." Lazima apatikane wa kulaumiwa, na bwawa halina mdomo wa kujitetea.

Hakuna mtu anayekaa huko juu akizungusha gurudumu ili Tana itumwagikie. Masinga, bwawa la juu katika matano ya mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, linahifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, hujimwaga yenyewe kupitia njia ya maji ya ziada. Yanayofuata chini yake ni Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Gitaru na Kindaruma ni vibwawa tu vikilinganishwa na Masinga. Havina pa kuyaweka hayo yote, kwa hivyo yaingiayo hutoka. Tena, ukishapita Kiambere, mto hupokea maji mengine ya Mlima Kenya, kama ya Mutonga na Kathita, ambayo hayakupitia hata bwawa moja kati ya haya matano. Na wazee wanakumbuka mafuriko ya 1961. Kindaruma, la kwanza katika mfululizo huu, lilianza kuzalisha umeme 1968. Nani alifungua nini mwaka ule?

Bwawa ambalo halijajaa huzuia sehemu ya mafuriko. Likijaa, kama lilivyojaa Masinga masika ya 2024, msaada wake huishia hapo.

Wengine hudhani ziwa kubwa ndilo lenye umeme mwingi. Masinga, kwa ukubwa wake wote wa kilomita za mraba 120 hivi, lina mitambo ya megawati 40. Gitaru, ambalo ungelidharau ukiliona, lina megawati 225, na mitambo yake imechimbiwa chini ya ardhi. Nguvu hutokana na wingi wa maji pamoja na urefu yanakoanguka. Masinga ni ghala: linaweka maji ya masika ili wenzake wa chini wapate ya kiangazi. Ghala lenyewe huishiwa pia. Mwaka 2009 ukame ulilazimisha mitambo ya Masinga kuzimwa.

Kwamba mitambo "hunywa" maji ya mto, hilo nalo si kweli. Maji yaleyale huzungusha mitambo ya vituo vitano na kuendelea na safari. Yanayopotea ni yale yanayokaushwa na jua juu ya ziwa na yanayochotwa kwa matumizi mengine.

Lakini asije mtu akasema basi mabwawa hayana neno na sisi. Yanalo, ila si lile linalosemwa Mkunguni. Mkulima wa mpunga wa Ozi, kwenye delta ya Tana, hakuwa adui wa kila furiko. Maji yalipanda kwa msimu, yakalowesha shamba, yakaacha tope la rutuba, yakashuka. Kiangazi wafugaji wakaleta ng'ombe kwenye majani mabichi ya delta. Mabwawa yamepunguza mafuriko hayo ya wastani, yale yenye faida, huku yale makubwa ya kuangusha nyumba yakiendelea kupita. Tope nalo hutuama Masinga na kulila ghala kidogokidogo. Mto ukidhoofika Kipini, unakoingia baharini, bahari hupanda na chumvi yake hadi mashambani. Hata kamba wa Ghuba ya Ungwana hutegemea maji yasiyo na chumvi na mashapo ya mito. (Wekundu wa bahari ya Malindi, kwa taarifa, ni udongo wa mto Sabaki, si wa Tana.)

Na stima yetu? Zamani Lamu ilitegemea jenereta za dizeli. Sasa kuna laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Humo umeme wa kila chanzo umechanganyika, na siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria huchangia kuliko mabwawa yote. Taa zikizima, usianze kuulizia kina cha Masinga. Nguzo moja ikianguka njiani yatosha.

Kuna mpango wa siku nyingi wa bwawa jingine kwenye Tana, High Grand Falls, kubwa kuliko Masinga mara kadhaa. Likizungumzwa, megawati ndizo hutangulia. Watu wa Kipini na Ozi wangeuliza kwanza maji yataachiliwa kiasi gani, na mwezi gani.