NBA haiuzi wachezaji kama ligi za soka

Kila likizo ya ligi, mashabiki wa mpira wa kikapu hapa Nairobi, kuanzia jukwaa la Nyayo hadi kwenye kinyozi, hurudia kauli ileile: "Mwenye timu ana mabilioni, amnunue tu yule mrefu tunayemhitaji." Ni dhana inayotokana na soka la Uingereza, ambako klabu hulipa ada na mchezaji akahama. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, haiendi hivyo.

Mchezaji mwenye mkataba huhama kwa kubadilishwa na wachezaji wengine au haki za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji chipukizi wanaoingia ligi. Fedha taslimu zinaruhusiwa kwa kiasi kidogo tu. Timu iliyopita kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha jumla kinachowekwa na ligi kwa kila timu, lazima pia itoe mishahara inayokaribiana na ile inayopokea. Tazama nyota Kevin Durant alivyotoka timu ya Phoenix kwenda Houston mwaka 2025: mshahara wake wa msimu uliofuata ulikuwa dola milioni 54 na ushee. Phoenix ilimpata Jalen Green, wa milioni 33 hivi, na Dillon Brooks, wa milioni 21. Jumlisha uone! Juu yake ziliongezwa haki za drafti.

Kwa hiyo mchezaji wa akiba anayelipwa vizuri, yule tunayetaka afukuzwe, huenda ndiye anayewezesha biashara nzima. Nami naona tunamwonea sana. Kabla ya kudai senta mpya, yaani yule mrefu wa karibu na kikapu, angalia mishahara: nani ataondoka ili hesabu ikubali?