"Dabo" ya sikukuu inahesabiwaje?

Kila Desemba Moshi hufurika. Waliotawanyika Dar, Mwanza na Dodoma wanapandisha Marangu, Machame na Kibosho, na huku mjini baa, hoteli na maduka hayalali. Ndipo unaposikia: "Krismasi naingia kazini, ila nalipwa dabo." Wengi huitamka hiyo dabo kana kwamba ni hisani ya bosi. Imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu, kila saa aliyofanya inalipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi.

Sikukuu hapa ni zile zinazotambuliwa kisheria: Mei Mosi, Idd, tarehe 9 Desemba na nyinginezo. Kwa watu wa Arusha, maonyesho ya Nane Nane pale Themi, Njiro, huchukua siku kadhaa, lakini sikukuu ni moja tu, tarehe 8 Agosti. Aliyesimama kwenye banda tangu siku za mwanzo asitarajie dabo ya siku zote.

Neno linaloumiza watu ni "msingi". Nauli, posho ya chakula, posho ya nyumba, hata bahashishi ya watalii, vyote vinakaa kando. Chukua mpishi wa hoteli anayepokea 500,000 kwa mwezi, lakini mkataba unaonyesha msingi ni 390,000. Anafanya saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida. Jedwali la sheria linataka saa za wiki zizidishwe kwa 4.333 ili kupata za mwezi, yaani 195 hivi. Gawanya 390,000 kwa 195, unapata shilingi 2,000 kwa saa. Siku ya Krismasi saa moja ni 4,000, na akisimama jikoni saa nane ni 32,000. Sasa linganisha na ile elfu kumi ya mkononi na sahani ya pilau ambayo watu huambiwa "ndiyo sikukuu yenyewe".

Wapo mabosi wanaosema, "Sina hela, nitakupa off Jumatano." Off ni nzuri, nani anaikataa? Lakini kifungu kinataja malipo, off hakiitaji. Wengine huandika ovataimu kwenye karatasi ya mshahara. Hiyo nayo ni hesabu nyingine: ovataimu ni mara moja na nusu, na huanzia pale saa za kawaida zinapoisha. Ukilipwa sikukuu kwa kiwango cha ovataimu, umepunjwa.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo zinamezwa. Ukianza likizo tarehe 10 Desemba unarudi kazini tarehe 7 Januari. Krismasi, Boxing Day na Mwaka Mpya zimepita ndani kwa ndani, na huongezewi hata siku moja. Binafsi naona ni ubahili, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Dabo haimhusu meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wanajeshi, polisi na askari magereza nao wako nje ya sheria hii.

Ukiona karatasi ya mshahara haina hizo saa, anza kwa mwajiri, kisha afisa kazi. Mkishindwana, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa dai la namna hii muda wa kulipeleka ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Utaulizwa uliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, kwa hiyo rosta ya Desemba ipige picha ikiwa bado iko ukutani.