Amrum: historia iliyochongwa makaburini

Amrum ni kisiwa kidogo cha Wafrisia wa Kaskazini, watu wa pwani ya Bahari ya Kaskazini wenye lugha yao, upande wa Ujerumani unaokaribia Denmark. Ukubwa wake ni kama kilomita 20 za mraba, na wakazi wake ni zaidi kidogo ya 2,000. Hadi vita vya 1864, Denmark iliposhindwa na Prussia na Austria, kilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Wapo wenyeji ambao bado wanazungumza Öömrang, lahaja yao ya Kifrisia.

Anayetaka kukijua kisiwa hiki aanzie kijiji cha Nebel, kwenye kanisa la Mtakatifu Clemens, msimamizi wa mabaharia. Kanisa lilijengwa karne ya 13, kabla kijiji chenyewe hakijakuwepo. Mnara wake ni mpya, wa 1908. Lakini hazina yenyewe iko nje, makaburini. Karne ya 17 na 18 wanaume wa hapa walikwenda kuwinda nyangumi bahari ya Greenland, na waliofanikiwa walichongewa mawe yenye merikebu juu na habari ndefu za maisha yao chini: safari, ndoa, watoto. Maua yaliyochongwa pale ni wanafamilia. Ua lenye shina lililovunjika ni la aliyetangulia kufa.

Jiwe moja huwashangaza wageni, kwa kuwa lina kilemba. Ni la Hark Olufs, aliyezaliwa 1708. Mwaka 1724, akiwa kijana wa miaka 15 tu, merikebu yake ilitekwa na maharamia, akauzwa utumwani Algiers, Afrika Kaskazini. Akaangukia mikononi mwa Bey, yaani mtawala, wa Constantine, mji ulio Algeria ya leo, akapanda cheo hadi kuwa mtunza hazina wake, kisha kamanda wa wapanda farasi. Alifika hata Makka. Baada ya Tunis kutekwa mwaka 1735 Bey alimwachia huru, naye akarejea Amrum 1736, akaoa, akafa 1754. Kwa maoni yangu hakuna jiwe kisiwani linalozidi hili kwa kuonyesha jinsi watu wa kijiji kile walivyofungamana na dunia ya mbali.

Karibu na hapo kuna kinu cha upepo cha 1771, ambacho sasa ni makumbusho, na makaburi ya watu wasiojulikana waliotupwa ufukweni na mawimbi. Mnara wa taa, wenye mistari myekundu na myeupe, uliwashwa 1875. Kuanzia 1890 ukajengwa mji wa Wittdün kwa ajili ya watalii, na leo ni wageni, si nyangumi, wanaowalisha watu wa Amrum.