Tena ile fwrite

Wiki iliyopita nimeletewa faili ya nne mwaka huu. Kijana ana rekodi za mvua za vituo kadhaa, ana muundo wake wa C (struct, nyuga kadhaa zilizofungwa pamoja), anaita fwrite, ile funksheni inayomwaga kumbukumbu kwenye faili kama ilivyo, mara moja, anaibatiza faili jina linaloishia na .dat, kisha ananiambia, "Kaka, baiti ni baiti tu." Naifungua kwa Python, naona mvua ya milimita zenye tarakimu mia mbili na namba za vituo zilizo hasi. Mwenyewe anashangaa, maana kwake inasomeka bila shida. Isisomekeje? Kompyuta ile ile, kompaila ile ile, programu ile ile iliyoandika ndiyo inayosoma.

Basi naandika hapa, na wa tano akija nitamtumia kiungo, sitafungua mdomo.

Muundo wenyewe ni huu:

struct kipimo {
    char   hali;
    double mvua;
    short  kituo;
};

Jumlisha kwa kichwa: 1, 8, 2. Jumla 11. Sasa iulize sizeof, inayotaja ukubwa wa muundo kwa baiti, kwenye mashine ya kawaida ya biti 64: itakujibu 24. Kompaila haijakosea. Ile double ni kama mzee wa barazani, hakai popote palipo wazi. Anataka anwani inayogawanyika kwa 8. Kwa hiyo baada ya char kompaila inaacha baiti 7 tupu, inamkalisha mzee, inaweka short, halafu inaongeza baiti 6 mwishoni ili rekodi inayofuata kwenye safu nayo ianzie mahali pa heshima. Panga upya, double kwanza, short, kisha char, utapata 16. Rudisha mpangilio wa mwanzo ukompaili kwa Linux ya biti 32 kwenye Intel, utapata 16 pia, lakini 16 nyingine kabisa, kwa sababu huko double iliyo ndani ya muundo inaridhika na anwani inayogawanyika kwa 4. Msimbo haujabadilika hata herufi moja.

Upande wa Python nako numpy, maktaba ya safu za namba, usipoiambia iache nafasi kama kompaila (align=True), inahesabu 11. Hapo ndipo ile mvua ya gharika ilipotoka.

Najua jibu linalokuja, nalisikia kila mara: "Si niweke packed?" Weka. Baiti za kujazia zitaondoka. Mpangilio wa baiti ndani ya namba je, mkubwa mbele au mdogo mbele? Bado uko kichwani mwako. Majina ya nyuga? Kichwani mwako. Ukichukua anwani ya uga ulio ndani ya muundo uliobanwa hivyo na kuipa funksheni nyingine, baadhi ya mashine zitakuzimia programu. Umetibu kikohozi, homa umeiacha.

Kinachonikera ni kwamba hata wanaohamia HDF5, umbizo la faili linalobeba maelezo ya data yake ndani, wanahama na imani ile ile. Wanadhani aina ambatani (compound), yaani nyuga kadhaa ndani ya rekodi moja, ni fwrite iliyovaa suti. Ndani ya HDF5 kuna aina mbili, na ukishika hili mengine yote yatakaa sawa. Ya kwanza inaeleza muundo ulivyo kwenye kumbukumbu, hapo kwako, leo. Ya pili inaeleza data itakavyokaa kwenye faili. Maktaba ndiyo mkalimani kati yao.

Ya kumbukumbu unaijenga kwa H5Tcreate ukiipa sizeof, kisha H5Tinsert kwa kila uga ukitumia HOFFSET, inayokupa umbali wa uga toka mwanzo wa muundo. Usihesabu umbali kwa vidole. Nimesema usihesabu. Ya faili unaiandika kwa majina yasiyotegemea mashine: H5T_STD_I8LE kwenye 0, H5T_IEEE_F64LE kwenye 1, H5T_STD_I16LE kwenye 9, jumla 11. Ukiona uvivu, nakili ile ya kwanza kwa H5Tcopy uipitishe H5Tpack. Nafasi tupu zitaondoka, ila aina za namba zitabaki za mashine yako. Unapounda seti ya data unatoa aina ya faili. Unapoita H5Dwrite unatoa aina ya kumbukumbu. Ukitumia moja kote kuwili, itafanya kazi, na hilo ndilo tatizo: rekodi milioni moja zitachukua MB 24 badala ya 11, na zile baiti za kujazia si lazima ziwe sifuri. Zinabeba takataka yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu, na takataka haibaniki vizuri. Nilifanya hivyo mwaka mzima nikiilaumu gzip, ile inayobana data.

Mkalimani analinganisha nyuga kwa jina, hajali mpangilio. Ndiyo maana unaweza kujenga aina ya kumbukumbu yenye uga mmoja tu, mvua, ukasoma huo peke yake kutoka faili yenye nyuga arobaini. Ndiyo maana pia ukiandika "Mvua" kwa herufi kubwa katikati ya nyuga nyingine zilizo sahihi, uga huo hautaguswa na hutaonyeshwa kosa lolote. Utabaki na kilichokuwemo. Chukua namba changamano: kwa miaka mingi HDF5 haikuwa na aina yake, kila mtu akajitengenezea. h5py, maktaba ya Python ya HDF5, inaziandika kama ambatani yenye nyuga r na i. MATLAB, kwenye faili zake za v7.3, inaziita real na imag. Namba ile ile, baiti 16 zile zile, na mkalimani anakukodolea macho.

Vielekezi nitavipitia haraka: char * ndani ya muundo ni anwani, na anwani ya jana haina maana leo. Tumia char[16]. Matini ya urefu unaobadilika yapo, lakini yanahifadhiwa pembeni ambako kichujio cha kubana hakifiki.

Sasa la aibu. Ambatani nyingi nilizowahi kuandika nilikuja kuzijutia. Ukitaka mvua tu, maktaba bado inasoma na kubanua kipande kizima chenye nyuga zote. Vigeu tofauti, kila kimoja na safu yake, vingekuwa vyepesi zaidi. Faili za Argo, yale maboya yanayopima bahari, ni safu za kawaida tu za netCDF, umbizo la data za hewa na bahari, na dunia nzima inazisoma. netCDF-4, inayokaa juu ya HDF5 tangu 2008, inaruhusu ambatani, lakini sifa kama kipimo cha uniti hubandikwa kwenye kigeu kizima. Uga mmoja mmoja hauna pa kubandikiwa. Wapo wanaotengeneza sifa ambayo nayo ni ambatani, yenye majina yale yale ya nyuga, matini ya uniti ndani yake. Nimewahi kufanya. Sijawahi kuona programu ya mtu mwingine ikiisoma. Siku hizi ambatani naitumia pale tu nyuga zinapozaliwa pamoja na kusomwa pamoja, na hata hapo mkono hunisita.

Kijana karudi juzi na faili mpya. h5dump, chombo cha kuchungulia faili za HDF5, inaonyesha nyuga tatu, kila moja na jina lake, baiti 11. Safi. Nikamuuliza: hii mvua ni milimita za saa moja, au ni jumla tangu kipimo cha saa tatu asubuhi?

Akaniambia anakwenda kuuliza.