Muvi za zamani kwenye Blu-ray: ile greini sio chenga, iacheni

Kila nikimwekea mtu muvi ya zamani kwenye diski ya Blu-ray swali ni lile lile, "kaka mbona ina chenga?" Na ukiangalia ni kweli, kwenye anga, kwenye ukuta, kwenye shavu la muigizaji kuna vidoti vidoti vinachezacheza, na TV ni inchi 65 imenunuliwa kwa hela ya maana, kwa hiyo mtu anaona kama kapigwa. Mimi kazi yangu ni kurekebisha rangi za video na muvi za zamani ndo ulevi wangu, so acha nilieleze hili jambo hapa mara moja, akiniuliza mtu tena namtumia linki yaishe.

Filamu ile ya mkanda haina pikseli. Ni plastiki iliyopakwa utando wa jelatini, na ndani ya jelatini kuna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha, fedha hii hii ya pete. Mwanga ukizigonga zinabadilika, mkanda ukienda maabara ukaoshwa kwa dawa, zile zilizopata mwanga zinabaki kuwa picha. Kwenye nyeusi na nyeupe unachokiona ni fedha yenyewe, kwenye rangi fedha inaondolewa na pale ilipokuwa panabaki kidoa cha rangi. Sasa hizi chembe hazijapangwa mistari, zimetawanyika ovyo, na kila fremu, yani kila picha moja moja kwenye mkanda, ina chembe zake, na fremu zinapita 24 kwa sekunde, ndo maana unaziona zinacheza. Hiyo ndo greini.

Watu wanadhani nyuma ya greini kuna picha safi imejificha, ukipangusa itatokea. Haipo. Kope za macho, nyuzi za shati, jasho la kwenye paji la uso, vyote vimechorwa kwa hizo hizo chembe. Chenga za antena ni kitu kingine kabisa, zile ziliingia njiani wakati picha ilitoka stesheni ikiwa nzima, greini ilikuwepo tangu siku kamera inazunguka.

Bas, mwaka 2006 Blu-ray inaingia sokoni, pikseli 1920 kwa 1080 wakati DVD zetu za PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu) zilikuwa 720 kwa 576, kwa mara ya kwanza watu nyumbani wakaanza kuiona greini vizuri, na wakalalamika. Studio zikafanya nini? Zikachukua programu za kupunguza kelele za picha, kwa kifupi wanaita DNR. Programu inalinganisha fremu na fremu, kila kinachobadilika ovyo ovyo inakihesabu ni uchafu inakisawazisha. Ikitumika kidogo na mtu mwenye macho haina shida, hata mimi naitumia. Ikikazwa sasa, inaondoka greini pamoja na vinyweleo na mikunjo ya ngozi, halafu kwa sababu picha imelegea wanaongeza ukali wa kingo kwa kompyuta, unaanza kuona mstari mweupe unamzunguka mtu kichwani kama malaika.

Mfano maarufu kuliko yote ni Predator, ile ya Arnold Schwarzenegger ya 1987. Ilipigwa msituni Mexico, chini ya miti mwanga ni wa kuokoteza, kwa hiyo greini yake ni nyingi kwa asili. Blu-ray ya kwanza ya 2008 ilikuwa na greini yake, imebanwa kwenye diski yenye nafasi ndogo, haikuwa nzuri sana lakini ilikuwa filamu. 2010 wakatoa toleo jipya "lililosafishwa" na loh, Arnold kawa sanamu la nta, jasho linang'aa ila ngozi haina hata kitundu, yani komando mzima anaonekana kapakwa fandesheni. Na kuna watu walilisifia maana kwa haraka haraka kweli linaonekana safi! Ilibidi tusubiri toleo la 4K la 2018 (4K ni pikseli mara nne ya Blu-ray ya kawaida, na namba ya K ikipanda pikseli zinaongezeka) greini ikarudi na sura ya mtu ikarudi nayo. Spartacus nayo ilipata ajali hiyo hiyo 2010, masta ya zamani, yani ile kopi kuu ya video ya kutolea matoleo, ikapigwa pasi ikatolewa hivo hivo, mpaka studio ya Universal wakarudi kwenye filamu za asili, wakaskani kwa 6K na kumshirikisha Robert A. Harris, ambaye ndo alikuwa ameifufua muvi hiyo mwaka 1991, na 2015 likatoka toleo ambalo ukiliweka pembeni ya lile la mwanzo utadhani ni muvi mbili tofauti.

Kwa hiyo mtu akiniambia muvi "imefanyiwa restoresheni", yani imefufuliwa, swali langu la kwanza haliwi 4K au HD. Nauliza imeskaniwa kutoka wapi. Kuna negativi ya kamera, yani ule mkanda wenyewe uliokuwa ndani ya kamera siku ya kushuti. Kutoka kwenye negativi wanachapa intapozitivi, kutoka hiyo wanachapa intanegativi, kutoka hiyo ndo zinatoka kopi za kwenda kwenye majumba ya sinema. Kila hatua ni fotokopi ya fotokopi, undani unapungua na greini inarundikana, ya hatua hii juu ya ile. Kopi ya sinema ukiiskani kwa 8K unapata faili kubwa tu, basi, wakati negativi ya kamera ukiiskani kwa 4K unaweza kuona vitu ambavyo hata waliokaa siti za mbele siku ya uzinduzi hawakuviona.

Sasa twende kwenye muvi ninayoipenda kuielezea kuliko zote, maana inatuhusu. The African Queen ya John Huston, 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi inatokea huku kwetu wakati wa Mjerumani, vita vya kwanza vya dunia, na ile meli ya kivita ya ziwani wanayoiwinda inatokana na habari za Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ndiyo, MV Liemba ya Kigoma hiyo hiyo. Kushuti walienda Kongo ya Mbelgiji kwenye mto Ruiki, na Uganda upande wa Butiaba na Murchison Falls, halafu sehemu nyingine zikamaliziwa studio London. Watu waliumwa sana, Hepburn aliumwa, na stori inayosimuliwa siku zote ni kwamba Bogart na Huston walipona kwa sababu maji hawakuyagusa, walikuwa wa wiski tu.

Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff na kamera yao ilikuwa ya Technicolor ya mikanda mitatu, zigo la maana, wakawa wanalielesha mtoni kwenye chelezo. Mle ndani kuna prizma inagawa mwanga, na mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe inapita kwa pamoja, mmoja unarekodi wekundu, mmoja kijani, mmoja bluu. Rangi hazipo kwenye negativi! Zinakuja kuwekwa maabara wakati wa kuchapa kopi. Na hapa ndo pana utamu, kwa sababu kilichokuja kuua muvi nyingi za rangi ni kuchujuka. Kuanzia 1950 ilikuja Eastmancolor, mkanda mmoja wenye rangi zote humo humo, rahisi na kamera nyepesi, kila mtu akahamia huko, kumbe zile rangi zinachujuka, na ndo maana ukikuta kopi ya muvi ya miaka ya sitini au sabini mara nyingi imebaki pinki tupu. Mikanda mitatu ya Technicolor haina rangi ya kuchujuka. Muvi ya 1951 inaweza kuja na kijani cha msitu na wekundu wa pua ya Bogart ambao muvi ya miaka ishirini baadaye inauota tu.

Ila ina ugonjwa wake. Mikanda ikizeeka inasinyaa, na haisinyai sawa, huu umepungua kidogo, ule umepinda upande. Ukiirudisha pamoja rangi hazikutani, unaona ukingo mwekundu huku na wa bluu kule, picha nzima imelegea kama umevaa miwani ya mtu mwingine. Zamani walihangaika kuzilenga kwa lenzi na haikuwezekana kikamilifu. Kwa ajili ya Blu-ray iliyotoka 2010 walirudi kwenye zile negativi tatu za kamera, wakaskani kila moja kwa 4K, halafu kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine fremu kwa fremu. Piga hesabu mwenyewe, dakika 105, fremu 24 kwa sekunde, ni fremu 151,200, mara mikanda mitatu unapata picha 453,600 za kulinganisha, na hapo bado vumbi na mikwaruzo. Matokeo yake ni kwamba ile ngozi ya Bogart yenye ndevu za siku kadhaa inaonekana vizuri kuliko kopi yoyote ya miaka ya hamsini, na greini bado ipo, laini, imetulia.

Halafu kuna kitu watu wanakilaumu bila haki. Kwenye maporomoko ya maji kuna shoti Bogart na Hepburn wako studio na mto umebandikwa nyuma yao, na kwenye Blu-ray ule mshono unauona kabisa. Mtu anasema restoresheni mbovu. Hapana, mshono ulikuwepo 1951, ila kopi za sinema zilikuwa laini zikauficha. Kuna kijana aliwahi kuniuliza kwa nini wasiufute tu, siku hizi ni kazi ya jioni moja. Wakiufuta watakuwa wametengeneza muvi yao wenyewe. Kazi ya restoresheni ni kuondoa kilichoingia baada ya muvi kukamilika, vumbi, mikwaruzo, ukungu, mtikisiko wa mkanda. Cardiff huyo huyo alipiga The Red Shoes ya 1948, negativi zake zilikutwa zimeliwa na ukungu, chuo kikuu cha UCLA cha Marekani na Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu ya dairekta Martin Scorsese, wakapambana nazo mpaka ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes 2009, na pale kompyuta ilifanya maajabu kweli, ila haikugusa chaguo la Cardiff.

Lawrence of Arabia nayo siwezi kuiruka. Negativi ya milimita 65, yani eneo la fremu ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida ya 35, Sony wakaiskani kwa 8K, wakakuta utando una nyufa nyembamba nyingi sana, za kwenda wima, ambazo kwa macho ya zamani zilikuwa hazionekani. Ikabidi itengenezwe programu maalum ya nyufa tu. Blu-ray ya 2012 hiyo, na mpaka leo mteja akitaka kujua TV yake inaweza nini namwekea hiyo.

Rangi ndo ugomvi mwingine na hapa hata mwenye muvi anaweza kukuangusha. The French Connection ilipotoka Blu-ray 2009, dairekta mwenyewe William Friedkin aliamua kuibadilisha, rangi zikawa zimefifia na kuvujia vujia, mpiga picha wake Owen Roizman akakasirika hadharani kwamba hii sio kazi niliyoifanya. 2012 ikatolewa upya, rangi zimerudi karibu na zilivyokuwa. Kwa hiyo ukiona kava limeandikwa "imeidhinishwa na dairekta", tulia kwanza.

Na siku hizi DNR imepata mtoto, akili mnemba. Diski za 4K za True Lies na Aliens zilizotoka 2024 zimepitishwa humo, na inachofanya ni zaidi ya kufuta, inakisia. Imefuta greini halafu imechora upya kile inachodhani kilikuwepo, ndo maana kuna shoti uso wa mtu wa nyuma umekaa kiajabu, nywele kama waya, maandishi yanakuwa na kingo ambazo lenzi ya miaka ile haikuweza kuzitoa. James Cameron, dairekta wa zote mbili, amezitetea. Mimi True Lies nimeiangalia nikaizima, nyinyi mtasema wenyewe.

Kwa wanaoangalia kwa intaneti, greini ndo adui wa kubana faili, maana ni kitu cha ovyo ovyo ambacho fremu ijayo hakirudii. Blu-ray ya kawaida ina nafasi ya mpaka Mbps 40 (megabiti kwa sekunde, yani kasi ya data) za picha, ya 4K inaenda juu zaidi ya mara mbili ya hapo, wakati Netflix wanakuambia ukiwa na Mbps 15 unatosha kuangalia 4K. Sasa kwenye hizo 15 greini inageuka vibumba vibumba vya mraba, hasa gizani, na mtu anailaumu muvi. Flashi ya kujaziwa muvi mtaani, gigabaiti moja na nusu imeandikwa "BluRay 1080p", hiyo hata tusiijadili.

Kabla hujailaumu diski pia angalia TV yako, maana inatoka kiwandani imewashiwa kila kitu. Ingia setingi za picha, zima upunguzaji wa kelele, zima ule ulaini wa mwendo unaofanya muvi ionekane kama tamthilia ya Kifilipino, shusha ukali maana TV nyingi zinakuja umepandishwa, na kama TV yako ni ya kuanzia 2020 hivi tafuta Filmmaker Mode, inazima karibu vyote hivyo kwa mpigo. Halafu usipime kwa milipuko wala magari. Tafuta shoti ya uso wa karibu, mtu ametulia hasemi kitu, angalia paji la uso na pale nywele zinapoanzia.