Bilioni nne na ushei: namba iliyodhaniwa kuwa tasa

Chukua punje moja ya karafuu, uiongeze maradufu mara 32, kisha utie punje moja zaidi: utapata punje 4,294,967,297. Suali ni kama punje hizo zaweza kuanikwa jamvini kwa safu zilizo sawa bila ya kubaki hata moja. Namba isiyokubali kupangwa hivyo, ila kwa safu moja tu au kwa punje mojamoja, ndiyo iitwayo tasa, na katika miaka yangu ya kusomesha hisabati hapa Chake Chake nimewasikia wanafunzi wengi wakishikilia kuwa hii ni mojawapo.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba imeishia na 7. Hiyo huiondolea 2 na 5 tu. 27 nayo imeishia na 7, na inagawika kwa 3. Ni kweli kwamba jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi, na 7, 11 na 13 pia hushindwa, lakini kushindwa kwa vigawo vidogo si ushahidi wa utasa.

Dhana ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu iliaminiwa na bingwa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa na zote zimejengwa kwa namna moja na hii yetu (1 huongezwa maradufu mara 1, 2, 4, 8 au 16, kisha hutiwa moja zaidi), akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa. Mifano mitano haikutosha: ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Hadi leo haijapatikana nyengine ya ukoo huo iliyo tasa.

Wengine hudhani kuwa kazi hiyo yahitaji kompyuta, au kujaribu kila namba tasa hadi karibu na 65,536, kipeuo chake cha pili. Euler alijua kwamba kigawo chochote cha namba hii lazima kizidi kwa 1 namba inayogawika kwa 64, na namba tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: jaribio la tano tu.

Kwa ubao na chaki mambo huwa mepesi zaidi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa na darasa. Kwa kuwa 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, ukiizidisha kwa 2²⁸ utapata 640⁴ + 2³², na jumla hiyo bila shaka inagawika kwa 641. Lakini 640 imepungua moja tu kufikia 641, hivyo 640 × 640 ni 641 × 639 + 1, na 640⁴ nayo ikigawiwa kwa 641 huacha baki 1. Basi 2³² lazima iache baki 640, na ile punje moja tuliyoitia mwisho ndiyo inayoijaza safu.